WANAMCHEKA STAA ALIYEPITISHIWA MPIRA, WAO DAMU YAO WANAITIBU KWA CHUPA ZA INSTA!

Video yenyewe ina sekunde 14 tu. Staa mkubwa wa Bongo Fleva, jina kapuni na litabaki kapuni, kalala kitandani kavaa lile gauni la hospitali la kufungia mgongoni. Macho nusu, mdomo mzito. Anauliza, "Shoo imeisha?" Anayerekodi anacheka chinichini, anamjibu, "Imeisha kaka, umeua." Halafu kamera inashuka kwenye karatasi iliyo pembeni ya kitanda, jina la kipimo linasomeka vizuri kabisa: kolonoskopi.

Basi. Kufikia saa mbili usiku mjini hapakaliki.

Walioenda Google kuuliza hicho kitu ni nini walirudi na jibu moja tu: kuingiziwa mpira kwa nyuma. Wengine wote wakasomea hapohapo. "Mwanaume mzima?" "Kwisha habari yake." "Ndo maana siku hizi anaimba kwa sauti ya juu." Asubuhi stika za WhatsApp zikawa tayari. MC mmoja wa harusi akaingiza kwenye vichekesho vyake Jumamosi, ukumbi mzima ukavunjika mbavu, mpaka mama wa bibi harusi.

Hiyo video haiwekwi hapa. Anayeitaka akaitafute kwingine. Hapa yanawekwa yale ambayo sekunde 14 hazikuonyesha.

Mtu wa karibu na familia ya staa huyo anasema jamaa alikuwa anaona damu chooni tangu mwaka jana. Sio mara moja. Inakuja, inapotea wiki mbili, inarudi. Akajipa majibu yote ambayo kijana wa mjini anajipa: itakuwa pilipili, itakuwa kukaa sana kwenye gari ziara za mikoani, itakuwa pombe, itakuwa viti vya studio. Aliyemshtua ni mama yake mzazi, siku alipomsikia akimwambia mtu kwenye simu. Hakumgombeza. Alimwambia maneno machache tu: "Mwanangu, baba yako alianza hivyohivyo."

Baba mtu alifariki na miaka 47. Msibani wapo waliosema vidonda vya tumbo, na wapo waliosema karogwa na ndugu zake kisa shamba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwangalia utumbo.

Jamaa akaenda. Daktari akakuta vinyama viwili kwenye utumbo mpana, akavitoa palepale na kuvipeleka maabara. Majibu yakaja: sio saratani, ila ni vya ile aina ambayo ukiiacha miaka inaweza kugeuka saratani. Yaani mji mzima unamcheka mtu kwa siku aliyojiokoa.

MPIRA WENYEWE UKO HIVI

Kinachotisha watu kwenye kipimo hiki ni kutokijua, na kutojua kwa watu ndo mtaji wa wachekeshaji. Basi stori nzima hii hapa, kuanzia jikoni mpaka kurudi nyumbani. Ukimaliza kusoma, tafuta utani umebaki wapi.

Kwanza, kazi ngumu haifanyiki hospitali. Inafanyika chooni kwako, usiku wa kuamkia kipimo.

Siku mbili tatu kabla unaambiwa uache vyakula vyenye nyuzinyuzi na mbegu. Kisamvu, mchicha, maharage, karanga, mapera, ugali wa dona, vyote pembeni. Wali mweupe, mayai na samaki vinaruhusiwa. Siku moja kabla, chakula kigumu hakuna kabisa. Ni vinywaji tu, tena vile ambavyo ukivitia kwenye glasi unaona upande wa pili: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, juisi ya tufaa isiyo na makapi. Maziwa hapana. Chochote chekundu au cha zambarau hapana, kwa hiyo juisi yako ya rozela iache kwenye friji, maana daktari akikuta rangi hiyo ndani anaweza kudhani ni damu.

Jioni inaanza dawa ya kuharisha. Mara nyingi ni unga unaoukoroga kwenye maji, na maji yenyewe sio kidogo: lita mbili mpaka nne kutegemea na dawa uliyopewa. Hospitali nyingi wanaigawa, nusu jioni na nusu alfajiri. Ladha yake ni ya chumvichumvi ambayo huwezi kuizoea. Iweke ipoe kwenye friji, tumia mrija, kunywa glasi moja moja kwa mapumziko, usijifanye unashindana. Na usiwe mbali na choo. Kama umepanga nyumba yenye choo cha watu wote, ongea na wapangaji wenzako mapema au kalale kwa ndugu mwenye choo cha ndani. Utaenda mpaka usahau kuhesabu. Mafuta ya mgando kidogo yatasaidia ngozi isichubuke.

Utajua umemaliza pale kinachotoka kikiwa maji matupu ya njano. Kama bado kuna uchafu, waambie hospitali kabla ya kuingia chumbani. Utumbo mchafu ni sawa na kuangalia muvi kwenye skrini iliyopakwa matope: kinyama kinajificha, na wewe unaambiwa urudie zoezi zima.

Hapa napo pasifanywe ujuaji. Mwenye kisukari na anatumia dawa, anayemeza dawa za kuzuia damu isigande, anayemeza vidonge vya kuongeza damu, na mwenye mimba, wote waseme mapema. Daktari ndo anasema dawa ipi isimame na lini. Sio rafiki yako, na sio blogu.

Siku yenyewe unaacha hata maji kwa saa utakazoambiwa. Unavua cheni, hereni na saa, unavaa gauni. Unawekewa sindano ya dripu mkononi. Nesi anakwambia, "Kaka, lala ubavu wa kushoto, magoti yaje kifuani." Unafunikwa shuka. Kuna watu watatu au wanne chumbani ambao kazi yao ni hiyo, na macho yao yako kwenye skrini. Hakuna anayekushangaa wewe.

Mpira una unene kama wa kidole, unapinda kirahisi, na kichwani una taa na kamera ndogo. Daktari anapima kwanza kwa kidole chenye glovu na jeli, halafu anaupitisha taratibu mpaka unapoanzia utumbo mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Kisha anaurudisha nyuma polepole akikagua kuta zote. Anapuliza hewa kidogo ili njia ifunguke, ndo maana unaweza kuhisi tumbo limejaa au linabana kama una gesi. Inachukua kama nusu saa, na inaweza kufika saa nzima kama kuna cha kutoa. Akiona kinyama anapitisha waya mwembamba ndani ya mpira uleule, anakinasa, anakikata. Kule kukatwa hukusikii, kwa sababu ukuta wa ndani wa utumbo hausikii kukatwa kama ngozi inavyosikia.

Kuna waliokomenti kwamba dawa ya usingizi ya kipimo hiki ndo ilimuua Michael Jackson. Hiyo ni nusu stori. Dawa iliyotajwa kwenye kifo chake mwaka 2009 ni propofoli, na ni kweli hospitali nyingi duniani zinaitumia kwa vipimo kama hivi. Lakini yeye alikuwa anapewa nyumbani, chumbani kwake, ili apate usingizi wa usiku, bila vifaa vya kutosha vya kumfuatilia. Hospitali unabanwa kidoleni kifaa cha kuangalia oksijeni na mapigo ya moyo, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia unavyopumua. Sehemu nyingine hawakulazi kabisa, wanakupa dawa ya kutuliza tu, unakuwa nusu macho nusu usingizini. Uliza mapema utapewa ipi. Ni haki yako kujua.

Hatari zipo, asikudanganye mtu. Utumbo unaweza kuvuja damu au kutoboka, hasa kama kuna kilichokatwa. Inatokea mara chache sana, ila ukifika nyumbani ukapata maumivu makali, tumbo likawa gumu, homa ikapanda au damu ikatoka nyingi, usisubiri kukuche. Rudi hospitali.

Kipimo kikiisha unapumzika saa moja au mbili. Unajamba. Ndio, unajamba sana, na manesi wanafurahi ukijamba kwa sababu ile hewa inatoka. Kwa saa 24 huruhusiwi kuendesha gari wala bodaboda, wala kunywa pombe, wala kusaini karatasi ya maana. Mastaa mmesikia hapo kwenye kusaini.

Na lazima uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu dawa bado iko kichwani na unaweza kuongea mambo ambayo kesho huyakumbuki. Hapo ndo staa alipoponzeka. Alikuja na mtu wa timu yake. Mtu aliyepewa kazi ya kushika viatu na simu ya bosi, akaamua kushika kamera.

Mpira ndo huo. Sasa cha kuchekwa hapo ni kipi?

"MWANAUME MZIMA"

Utani wote ule ukiukamua linabaki neno moja: uanaume. Kwamba mwanaume akipimwa huko nyuma kapungukiwa kitu.

Swali kwa wenye mdomo huo: kapungukiwa nini? Staa kaingia na vinyama viwili, katoka bila hata kimoja. Hicho ndo kilichopungua. Kipimo hakijui wewe unampenda nani, hakijui unaimba nini, na hakibadilishi mtu. Wanawake nao wanakifanya, utumbo wao ni uleule na saratani hii inawapata vilevile. Ila hawa wanaotaka uanaume ulindwe kwa kutopimwa, waangalie waliokwisha pita.

Chadwick Boseman, yule mfalme wa Wakanda kwenye Black Panther. Aligundulika na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, akaendelea kupiga picha za filamu huku anatibiwa, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Nani atasimama aseme yule hakuwa mwanaume? Na kwa jirani hapo Kenya, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliyejitokeza hadharani akasema anaumwa saratani ya utumbo mpana. Alifariki Julai 2019 na miaka 41. Hawa sio wazee wa kijijini wa miaka 80. Wana umri wa kaka zako. Mmoja wao ana umri wa promota anayekuletea shoo.

Sasa angalia wenzenu wanavyotumia ustaa. Mwaka 2000 mtangazaji Katie Couric wa Marekani alifanya kipimo hichohicho mbele ya kamera, kikarushwa kwenye kipindi cha asubuhi cha taifa. Mume wake alikuwa amefariki kwa saratani hiyo mwaka 1998 na miaka 42. Baada ya kipindi kile idadi ya Wamarekani waliokwenda kupima ilipanda mpaka watafiti wakaandika kuhusu hilo. Mwaka 2022 Ryan Reynolds, yule wa Deadpool, na mwenzake Rob McElhenney wakajirekodi wakienda kupima, wote wakiwa na miaka 45. Ilianza kama mzaha wa kuwekeana dau. Wote wawili wakakutwa na vinyama, vikatolewa. Walicheka na wao, tena sana. Lakini walicheka wakiwa wameshapima, na waliowaangalia wakabaki na ujumbe wa kwenda hospitali. Kicheko cha Bongo kimewaachia watu ujumbe wa kujificha.

CHUPA YA ELFU 45

Sasa inakuja sehemu ambayo haina stika.

Aliyepata laiki nyingi kuliko wote wiki ile ni dada mmoja maarufu wa Insta. Jina lake nalo kapuni. Aliposti kipande cha ile video, akaweka vikatuni vya kucheka, akaandika kwamba wanaume wa siku hizi wameisha. Posti iliyofuata, hata saa nne hazijapita, ni tangazo lake la biashara: dawa ya asili ya bawasiri, elfu 45 kwa chupa, inakausha damu ndani ya siku saba, bila kupimwa, bila aibu, mzigo unaletwa mpaka mlangoni.

Bila kupimwa, bila aibu. Yaani aibu anaitengeneza mwenyewe saa sita mchana, halafu saa kumi anakuuzia dawa ya kuikimbia.

Kuna densa mmoja aliyecheza kwenye video tatu za staa huyohuyo anayechekwa. Kijana wa miaka 29, mwili umejengeka, ukimuona jukwaani unasema huyu haumwi hata mafua. Naye alikuwa anaona damu. Alikuwa kwenye ziara ileile ya mikoani, kwenye basi lilelile, siti mbili nyuma ya bosi wake. Wanaume wawili kwenye basi moja, wote wanatoka damu, kila mmoja anamwogopa mwenzake kucheka. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na mama aliyekumbuka, mwingine alikuwa na simu. Densa alinunua chupa sita. Laki mbili na 70 elfu, kwa mtu anayelipwa kwa shoo. Damu ikawa inapungua, inarudi, anaambiwa aongeze dozi. Ukapita mwaka na miezi. Akaanza kukonda, wenzake wakasema anafanya sana mazoezi. Siku tumbo lilipovimba choo kikagoma kabisa kutoka, ndo akapelekwa hospitali usiku. Uvimbe ulikuwa umeziba njia. Leo hii ana mfuko ubavuni wa kupitishia choo, na anapigwa dripu za saratani kila baada ya wiki kadhaa. Madaktari wanapambana naye. Kucheza hachezi.

Ukimuuliza kwa nini hakwenda mapema, jibu lake ni fupi: "Ningeenda kuvuliwa suruali, halafu washkaji wangejua?"

Washkaji wenyewe ndo hawa waliotengeneza stika.

Ukweli lazima usemwe wote. Damu chooni mara nyingi inaweza kuwa bawasiri kweli. Inaweza kuwa amiba. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa inaweza kuwa kichocho. Lakini nani kakwambia yako ni ipi? Tangazo? Vyote hivyo vinatoa damu, na jicho lako chooni haliwezi kuvitenganisha. Muuza chupa hajui, kwa sababu hajakuangalia. Anajua namba yako ya simu tu.

Na daktari haanzi na mpira, watu waelewe hilo. Anaanza kwa kukuuliza. Anakubonyeza tumbo, anaweza kupima kwa kidole, anaagiza choo na damu vipimwe maabara. Wengi wanaishia hapo na dawa zao. Mpira unakuja pale panapohitajika, na unafanyika kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na za rufaa nyingine, kwa hiyo anza na hospitali ya karibu, wao wataandika barua ikibidi. Ni kweli foleni ipo. Ni kweli hela inahitajika na sio kila mtu ana bima. Hicho ni kilio cha haki kabisa na kinatakiwa kipigiwe kelele. Ila aliyepata laki mbili na 70 ya chupa hakukwamishwa na hela. Alikwamishwa na kuogopa kuchekwa.

Nani aende? Mwenye damu kwenye choo, umri wowote. Ambaye choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, mara kufunga mara kuharisha, au kinatoka chembamba tofauti na zamani. Anayepungua uzito bila kujinyima. Anayeambiwa damu imepungua na hakuna anayejua inaenda wapi. Kwa asiye na dalili yoyote, Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45, kwa sababu ugonjwa huu unazidi kuwapata walio chini ya hapo. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua, ushauri ni kuanza na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao yeye aligundulika, kinachotangulia. Utumbo ukikutwa safi, kwa kawaida unarudi baada ya miaka 10. Miaka 10! Watu wanabadilisha simu mara ngapi hapo katikati?

KUNYAMAZA NA KUDANGANYA

Mpaka hapa staa anaonekana malaika. Sio malaika.

Siku mbili baada ya video kuvuja, uongozi wake ulitoa taarifa. Wakasema hiyo sio hospitali, ni kipande cha video ya wimbo mpya unaokuja, mashabiki wakae mkao wa kula. Kiki. Ugonjwa uliomzika baba yake ukageuzwa kiki.

Hana deni la kumweleza mtu anaumwa nini. Mwili ni wake na faili ni lake. Aliyemrekodi kalala na dawa kichwani ndo mkosaji wa kwanza kwenye stori hii, na kama bado analipwa mshahara basi hiyo timu ina shida kubwa kuliko utumbo. Kunyamaza ni haki yake kabisa. Angenyamaza, hii sehemu isingeandikwa.

Lakini hakunyamaza, kadanganya. Na uongo ule una maana moja tu kwa kijana anayeona damu leo: hata mwenye hela, mwenye walinzi, mwenye mashabiki milioni, anaona ni bora asemwe anaigiza kuliko asemwe kapima. Kama yeye anaona aibu, wa Mbagala ambaye hana hata shabiki mmoja afanyeje? Aagize chupa.

Staa huyo anaimba kila siku kwamba katoka chini, kwamba yeye ni mtu wa watu, kwamba haogopi midomo. Mashabiki wanalipa kiingilio kusikia hayo. Safari hii midomo imekuja kweli, na yeye kakimbilia nyuma ya wimbo ambao haupo.

Mwisho wa mwezi ana shoo. Maiki itakuwa mkononi mwake, maelfu watakuwa mbele yake, na nusu yao wana ile stika kwenye simu. Hatakiwi kuonyesha cheti wala kuanzisha taasisi. Maneno machache yanatosha katikati ya nyimbo mbili: "Niliona damu, nikaenda kupima, wakatoa, niko hapa." Wacheke wanaocheka. Pale uwanjani kutakuwa na watu wanaosikia huku wanajua wenyewe walichokiona chooni asubuhi.

Na ninyi mliotuma stika, mfuteni tu. Densa anazo zote kwenye simu yake. Alitumiwa kwenye grupu la madensa, akiwa wodini.

Wadau, mnasemaje? Staa aseme ukweli jukwaani au ana haki ya kumalizia na kiki yake? Na yule dada wa chupa, aachwe aendelee? Shusha komenti yako hapo chini. Matusi yatafutwa, na matangazo ya dawa za bawasiri yatafutwa haraka zaidi.